Deni la Mtafiti

Anthropolojia hupata mali yake vinywani mwa watu. Mgeni hufika, hukaribishwa, husimuliwa. Kisha huondoka na madaftari yaliyojaa. Wenye habari wana haki gani juu ya maarifa yaliyotokana nazo? Aghalabu hujibiwa kwamba matokeo yarudishwe kwao. Jawabu hilo ni jema, lakini halisemi yarudishwe lini, na uzito wote wa jambo umo katika neno hilo dogo.

Katika miaka ya 1970, Nancy Scheper-Hughes wa Marekani aliishi pamoja na mumewe na watoto wao katika kijiji kidogo cha Kerry, kusini magharibi mwa Ayalandi. Alitaka kujua kwa nini maradhi ya akili yaitwayo skizofrenia yalionekana kuwa mengi huko mashambani. Kitabu chake, Saints, Scholars, and Schizophrenics, kilitoka mwaka 1979. Kilieleza habari za vijana waliohama, wanaume waliozeeka bila wake, na mwana aliyebaki nyuma, akafungwa na shamba na wazazi mpaka moyo ukamnyauka. Wataalamu walikisifu, kikapata tuzo yenye jina la Margaret Mead.

Kijiji kilikuwa kimepewa jina la kubuni. Pazia hilo lilikuwa jembamba mno: lilimzuia mgeni asione ndani, lakini mwenyeji alimtambua jirani yake, na pengine alijitambua mwenyewe. Hatimaye mwandishi wa gazeti alikigundua kijiji. Wenyeji waliumia, wala si kwa sababu ya uongo tu. Walilalamika kwamba neno linalonong'onwa kando ya moto huwa jingine likipigwa chapa mbele ya walimwengu. Lalamiko hilo usahihi wa kitabu hauwezi kulijibu, kwa maana hata ukweli una mwenyewe. Mwandishi aliporudi mwaka 1999 alitakiwa aondoke. Baadaye alikiri kwa maandishi kwamba jina la kubuni humfanya mwandishi alegeze uangalifu, na kwamba mema mengi ya kijiji aliyaacha nje.

Yamkini atatokea wa kupinga: wenyeji wakisomewa kabla ya chapa, wenye sauti kubwa watayafuta machungu ya wanyonge. Hofu hiyo si ya bure. Lakini kuomba jibu si kuomba ruhusa. Mtafiti aweza kushika hukumu yake, na jibu la wenyeji likachapwa kando yake. Kurudisha kitabu kilichokwisha kuuzwa ni kumpelekea mtu hukumu baada ya kesi kwisha.

Lililo gumu zaidi ni kuchagua wa kusomewa. Katika nyumba zile, yule mwana aliyebaki shambani na wazazi waliombakiza huketi mbele ya moto mmoja, na matokeo yanayompa mmoja nafuu ndiyo yanayowashtaki wengine. Mtafiti aliyewasikiliza kila mmoja kwa faragha hana budi kuamua kama atawasomea pamoja, au atakwenda kwanza kwa yule ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza.