Wanangu wa Ufipa, Wekeni Nakala

Wanangu mnaokaa na kompyuta nyumbani, kuanzia Majengo na Chanji hapa Sumbawanga mjini hadi Laela, Matai na Namanyere, nina neno nanyi. Ndani ya mashine hizo mna tasnifu ya mwanafunzi aliyerudi likizo, maandalio ya masomo na alama za mwalimu, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, rekodi za kwaya, picha za harusi na za wazee waliokwisha kututoka. Vikipotea, hakuna duka vinakouzwa. Na wako watu ambao kazi yao ni kuviteka ili wawauzie ninyi wenyewe.

Wanatumia kirusi kinachoingia kimyakimya, kikapitia mafaili yako moja baada ya jingine na kuyafunga kwa ufunguo walio nao wao peke yao. Faili bado unaliona, ila halifunguki. Kisha unaachiwa ujumbe: lipa fidia, upewe ufunguo.

Uhalifu huu una umri mkubwa kuliko wengi wenu. Desemba 1989 diski zipatazo 20,000 zilisambazwa kwa posta, zikidai kubeba maelezo kuhusu UKIMWI. Baadhi zilitumwa kwa watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani. Kompyuta ikishawashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa na skrini ikadai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa, Dk. Joseph Popp wa Marekani, alikuwa mwanabiolojia aliyewahi kufanya kazi jirani zetu Kenya. Kesi haikufika mwisho kwa kuwa alionekana hana utimamu wa akili wa kusimama mahakamani. Lakini angalieni hila yenyewe. Nyakati zile watu walikuwa na kiu ya kujua habari za ugonjwa ule, basi kirusi kikawekwa ndani ya kile walichokitamani.

Hila hiyo haijabadilika. Kirusi kiitwacho STOP, ambacho wengine hukiita Djvu, kimewaumiza sana watu wa majumbani tangu mwaka 2018, na mlango wake mkuu ni programu zilizokrakiwa. Kijana anataka Photoshop ya kutengenezea kadi za harusi, au Office ya kuandikia ripoti, au gemu. Bei inamshinda, anatafuta ya bure mtandaoni. Anaipata, na maelekezo yanamtaka azime kwanza antivirusi ndipo afungue faili. Anazima. Wanangu, anayekutaka umwondoe mlinzi kabla hajaingia hana heri nawe. Mkisikia maneno hayo, futeni faili hilo papo hapo.

Djvu huweza kukuonyesha dirisha linalosema Windows inajisasisha, kumbe nyuma yake mafaili yanafungwa. Baadaye unakuta kila jina limeongezewa herufi nne ngeni mwishoni, na katika folda kuna barua iitwayo _readme.txt: lipa dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Dola 980 ni zaidi ya shilingi milioni 2. Hesabuni wenyewe ni magunia mangapi ya mahindi, kwa kitu ambacho mlikitafuta kwa sababu ni cha bure.

Vya bure vya halali vipo. LibreOffice inaandika barua na kupiga hesabu. GIMP inarekebisha picha. Ulinzi wa Defender umo ndani ya Windows tayari, bila kulipia. Nanyi vijana mafundi mnaopiga Windows kwa watu, mwalimu anapowaachia kompyuta yake amewapa amana. Mkimwekea krak na kumzimia ulinzi bila kumwambia, mmemwacha wazi naye anaamini yuko salama. Mwambieni ukweli, hata kama atalalamikia bei.

Mlango wa pili ni kutosasisha mashine. Najua bando ni ghali na masasisho ya Windows yanalila, ndiyo maana wengi mmeyazima. Lakini kumbukeni tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipozuka na kuzikamata kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Kirusi kile hakikungoja mtu afungue faili. Kilipita kwenye mtandao chenyewe, kutoka mashine hadi mashine. Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Waliosasisha walinusurika. Basi tengeni bando la usiku, hata mara moja kwa mwezi, mashine ijisasishe. Na mwenye Windows 10 ajue kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ajipange kuhama.

Sasa mjue kutambua, kwa sababu si kila tatizo ni utekaji. Mara nyingi mtu anachomeka flash iliyotoka dukani kuingiziwa nyimbo, anakuta folda zote zimekuwa njia za mkato zenye ukubwa wa kilobaiti 1 au 2, naye anakata tamaa na kuifomati. Asiifomati! Kirusi hicho kwa kawaida huyaficha tu mafaili, na fundi anayejua kazi huyafichua. Vilevile ukurasa wa intaneti ukijaa skrini nzima na kudai kuwa polisi wanakutoza faini, huo ni uongo. Ufunge. Dalili za utekaji wenyewe ni hizi: picha na nyaraka hazifunguki, majina yake yana mkia usioufahamu, antivirusi imezimika bila wewe kuizima, tovuti za kampuni za antivirusi hazifunguki, na barua ya madai imejitokeza.

Ukiziona, kata intaneti kwanza. Chomoa flash na diski za nje (eksteno) zote. Ikiwa bado unaona majina yakiendelea kubadilika, zima mashine. Piga picha ile barua kwa simu. Kisha tumia kompyuta nyingine iliyo safi kubadilisha nywila zako, kwa maana Djvu mara nyingi huja na mwizi wa nywila. Usiyafute mafaili yaliyofungwa, yahifadhi pembeni. Mwaka 2016 polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama walianzisha mradi wa No More Ransom, unaotoa funguo bure kwa aina nyingi za virusi hivi. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure iliyoweza kufungua mafaili ya watu wengi walioathiriwa na aina 148 za Djvu. Lisilofunguka leo huenda likafunguka mwakani. Baada ya hapo mashine ipigwe Windows upya, iliyo halali.

Fidia msilipe. Hudaiwa kwa bitcoin, na Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za namna hiyo si fedha halali Tanzania. Ukishatuma, huna pa kudai, na ufunguo waweza usije. Kila anayelipa anamlipia mhalifu gharama ya kumwendea jirani. Toeni taarifa polisi, kwani tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kikosi cha TZ-CERT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), hushughulikia matukio ya aina hii. Msione haya. Aliyetekwa si mkosaji.

Lakini yote hayo ni ya baada ya hasara, na tahadhari ni kabla ya hatari. Kinga inayozidi zote ni nakala. Mama zetu hapa Ufipa hawakuweka mbegu pamoja na chakula. Mahindi ya mbegu walining'iniza juu ya jiko, moshi uyakinge na wadudu, na njaa ikija watu walikula vyote lakini mbegu haikuguswa. Nakala ya mafaili yako iishi hivyo. Eksteno inayobaki imechomekwa mchana na usiku si nakala, kwa maana kirusi kitaifunga pamoja na kompyuta. Nakili, chomoa, hifadhi. Yaliyo muhimu kabisa yawe na nakala ya tatu nje ya nyumba yako, kwenye Google Drive au kwa ndugu unayemwamini. Na mara mojamoja ifungueni nakala hiyo mwone kama inasomeka.

Mwenye nakala hatishiki. Barua ya mtekaji ikija, ataisafisha mashine, atarudisha mafaili yake na kuendelea na kazi. Basi nawaagiza, wanangu. Kabla wiki hii haijaisha, kila mmoja wenu anakili kazi zake, achomoe, ahifadhi. Akimaliza, awasaidie wazazi wake na mwalimu aliyemfundisha kusoma kufanya vivyo hivyo, bila kuwatoza hata senti.