Jina la Babu, Jina la Kaka

Ukizaliwa kwetu, upande wa Malava, jina lako mara nyingi si jipya. Kuna mtu aliyelitumia kabla yako, akafa, akakuachia. Wapo wanaopewa jina la msimu, ni kweli: Wekesa na Nekesa wa mavuno, Wafula na Nafula wa mvua, Wanjala na Nanjala wa njaa. Lakini jina linalowafanya wazee waitane na kukaa chini ni la marehemu. Mtoto akilia usiku kucha, hana homa na titi hakatai, kuna nyanya atakayeanza kutaja majina ya waliotangulia, moja moja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Watoto wengi hunyamaza kwa sababu wamechoka, hilo hata nyanya analijua. Bado anataja.

Yapo majina ambayo hatayataja usiku huo. Jina la mtu aliyejiua ni mojawapo. Zamani mtu kama huyo alizikwa haraka, jioni au usiku, bila kuliliwa sana, na hakuna mjukuu aliyeitwa kwake. Siku hizi tunamzika mchana, mchungaji anakuja, chai inapikwa. Lakini lile la jina limebaki vilevile.

Nauliza kama hilo ni haki, na siulizi kwa kujifurahisha. Kaka yetu mkubwa alijiua mwaka 2019. Alikuwa na jina la babu, mzaa baba, ambaye naye alilipata kwa babu yake mwenyewe. Sasa mdogo wangu amepata mtoto wa kwanza, mvulana. Baba yuko hai, kwa hiyo jina lake halipewi mtoto. Linalofuata ni la babu. Mama analitaka. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa mlango wetu, amesema haiwezekani. Baba hajasema kitu. Tangu 2019 hasemi mengi. Mimi ni senje wa mtoto, na kwetu senje huulizwa. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Wenye kulipigania bado wako mezani.

Nianze na Baba mkubwa, kwa sababu watu wa umri wangu wanapenda kumwona kama mzee wa mambo ya kale tu, na si hivyo. Anazo sababu mbili. Ya kwanza, jina hubeba mwenendo: ukimwita mtoto kwa mtu, umemwalika mtu huyo akae naye. Ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Anasema mtu akifika pale pabaya anapaswa kujua kwamba akivuka, hatarudi, hataitwa, hakuna mtoto atakayeitikia jina lake uani. "Mkianza kuwapa hawa majina," akaniambia, "mnawaambia wengine kwamba ni njia kama njia zingine." Hiyo si hoja ya ushirikina. Ni hoja ya mtu anayejaribu kuwalinda waliobaki, na katika boma letu waliobaki ni vijana saba.

Serikali nayo iliwahi kufikiri hivyo hivyo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na ukipona ungeweza kufungwa hadi miaka miwili. Sheria hiyo tuliirithi kwa Waingereza, ambao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961. Sisi tulikaa nayo mpaka Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Nilimsomea Baba mkubwa habari hiyo kwenye simu. Akacheka kidogo, akasema mahakama haina wajukuu.

Lakini tatizo la adhabu ile ya mahakama ndilo tatizo la adhabu hii ya jina. Mtu aliyefika pale hakai akipiga hesabu ya wajukuu. Kaka hakuwa na mtoto, na miezi ile ya mwisho hata kesho yake haikumwingia akilini, sembuse jina lake baada ya miaka thelathini. Adhabu haimfikii. Inawafikia watu wengine. Inamfikia babu, aliyefariki kitandani akiwa mzee, aliyepanda ile mikaratusi inayoonekana kutoka barabara ya Webuye, ambaye hajamkosea mtu. Inamfikia babu yake babu. Watu wawili waliolivaa jina hili vizuri wanafutwa kwa ajili ya wa tatu aliyelemewa nalo. Kama jina ni la ukoo, basi kaka hakuwa na uwezo wa kuliua. Sisi ndio tunaoliua, kisha tunasema alikufa nalo.

Na sisi si watu wa kukimbia kumbukumbu mbaya. Tungekuwa hivyo, Wanjala asingekuwepo. Watu waliopita kwenye njaa walimtazama mtoto aliyezaliwa katikati yake wakamwita kwa hiyo njaa, na wajukuu wake wanaitikia mpaka leo bila kuona aibu. Wapo akina Makokha, jina la jalalani, walilopewa watoto waliozaliwa baada ya ndugu zao kufa, ili kifo kidhani ni takataka kipite. Ukoo unaoweza kumwita mtoto jalala kwa mapenzi, unashindwaje na jina la babu?

Hapo hapo Kakamega mjini tuna mfano mwingine, japo unachekesha. Masinde Muliro alifariki mwaka 1992. Chuo kikuu kina jina lake, na bustani ya katikati ya mji ina jina lake pia. Miaka kadhaa iliyopita picha za wapenzi waliojisahau kwenye nyasi za Muliro Gardens zilisambaa nchi nzima, na kwa muda mrefu ukisema unatoka Kakamega mtu anakutazama kwa tabasamu fulani. Jina la mpigania uhuru likawa utani wa matatu. Hakuna aliyedai chuo kibadilishwe jina. Tulijua kutenganisha mtu na nyasi.

Mtoto lakini si chuo, na hapa wifi yangu alinishika. Yeye ni mtu wa Shinyalu, na hakuja na mambo ya misambwa wala sheria. Alisema, "Mtoto wangu si kaburi, dada. Hamtamtembelea ndani yake." Akaendelea: akifika miaka kumi na sita, ajifungie chumbani kwa sababu ya msichana tu, nyumba nzima itakimbia kugonga mlango. Kukhu yake atakuwa anamtazama kila akinyamaza. Kila furaha yake itapimwa. Nani amemuuliza kama anataka kuwa dawa ya mama yenu?

Sina jibu kamili kwa hilo. Mama kweli anataka dawa. Anataka kuita jina lile jioni na mtu aje. Nimekaa na hoja ya wifi kwa wiki nyingi, na mpaka sasa naona ndiyo yenye uzito kuliko zote, kuliko ya Baba mkubwa pia, kwa sababu inamtetea yule peke yake asiyeweza kuongea. Kitu kimoja tu nilimjibu: huo mlango tutaugonga hata akiitwa Brian. Tumeshakuwa watu wa namna hiyo. Hatari ninayoiona mimi ni mtoto kukua katika nyumba inayoogopa kitu ambacho hakuna anayekitaja, akijua tu kwamba kuna picha moja iliyoondolewa ukutani.

Nilimpa pia kisa cha watu wa mbali. Mchoraji Vincent van Gogh alikuwa na jina la babu yake, na la kaka yake aliyezaliwa mfu mwaka mmoja kabla yake. Januari 1890 mdogo wake Theo alipata mtoto wa kiume akamwita Vincent. Mchoraji mwenyewe hakupendezwa sana. Alimwandikia mama yao kwamba ingekuwa afadhali mtoto aitwe kwa baba yao. Bado akamchorea matawi ya mlozi yaliyochanua. Julai mwaka huo huo akafa kwa mkono wake. Theo naye alifariki miezi sita baadaye, na mjane wake, Jo, akabaki na mtoto mchanga mwenye jina hilo. Hakulibadilisha, wala hakuficha kisa. Mwaka 1914 alichapisha barua za shemeji yake watu wasome. Mtoto akawa mhandisi, akasaidia kuanzisha makumbusho ya Amsterdam iliyofunguliwa mwaka 1973, akafariki 1978 akiwa na miaka themanini na saba. Siseme jina ndilo lililomlinda. Nasema halikumuua.

Wifi alisikiliza akimnyonyesha. Mwishowe alikubali, kwa sharti moja: mtoto aambiwe kila kitu mapema, na waliolivaa wote watatu, si mmoja wala wawili. Akitaka kuliacha akiwa mkubwa, aliache, na asiitishiwe kikao. Hayo maneno ya mwisho alimtazama mume wangu, ambaye anapenda vikao.

Kwa hiyo jina liko kwenye cheti cha kuzaliwa, la katikati. Baba mkubwa hakuja siku ya kumwita. Alikuja wiki iliyofuata na kuku, akambeba mtoto, akamwita Kuka, yaani babu, na ndivyo anavyomwita mpaka sasa. Jina lenyewe halijatoka mdomoni mwake. Mdogo wangu anasema tumshukuru, mzee amepata njia. Mimi naona amemruka mtu mmoja ili amfikie babu, na nimemwambia hivyo. Alinijibu kwamba hajamruka mtu, anasubiri, na kwamba mtoto ana meno mawili tu.