Shamba la Makpela na makaratasi yetu

Fungueni pamoja nasi Mwanzo 49, mstari wa 29 hadi 32.

Yakobo yuko Misri. Njaa ilimtoa kwao, amekaa ugenini miaka 17, na sasa anakufa. Amekwisha kuwabariki wanawe. Tungetegemea amalizie kwa habari za mbinguni, lakini yeye anataja shamba, tena kama karani wa ardhi: liko Makpela, upande wa Mamre, babu yao Ibrahimu ndiye aliyenunua, aliyeuza ni Efroni Mhiti, na waliozikwa humo anawataja kwa majina.

Turudi sura ya 23. Efroni alimwambia Ibrahimu achukue bure. Ibrahimu alikataa, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote langoni pa mji, na Maandiko yanahesabu shamba, pango, hata miti ya mpakani. Zawadi ya mdomo ingeweza kufa pamoja na Efroni. Kilichonunuliwa mbele ya mashahidi kiliwafikia wajukuu.

Kwa nini tunaandika haya? Kwa sababu tunazika. Tukizika baba hapa kambini, siku si nyingi mjane anakuja kutuuliza: parsela ya kule nyumbani itakuwa ya nani? Shemeji anasema mwanamke harithi, au amekwisha kuiuza. Na mama mwenyewe hajui hata jirani wa mpakani ni nani, maana mume alimwambia mambo ya ardhi ni ya wanaume. Baba wa namna hiyo hakumfuata Yakobo, tunasema wazi.

Kwa sisi wa Kongo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inawapa watoto robo tatu ya mirathi, wa kike na wa kiume sawasawa. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mke au mume aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Basi shemeji ana sehemu ndogo. Kuchukua yote ni kunyang'anya. Mabinti wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa kwa neno hilohilo (Hesabu 27), na Bwana akasema wana haki.

Wako wanaoona kuandika wasia ni kujiitia kifo. Yeremia alinunua shamba la Anathothi akiwa kifungoni, Wakaldayo wamezunguka mji. Alitia sahihi, akaita mashahidi, akamwagiza Baruku aweke hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi (Yeremia 32). Hatusomi popote kwamba alililima. Baadaye watu walimchukua mpaka Misri.

Sisi hatuna chombo cha udongo, tuna nailoni. Andika kwa mkono wako mwenyewe wasia wote, tia tarehe na sahihi. Sheria yetu inaupokea hivyo. Taja kiwanja kiko wapi, mipaka, aliyekuuzia, bei, mwaka, mashahidi walio hai, na namba ya cheti cha usajili kama unacho. Kwa shamba la kijijini lisilo na cheti, taja chifu aliyekupa na wazee waliokuwepo. Majina ya watoto wote yawepo, pamoja na yule wa nje uliyemtambua. Usimfiche, atakuja siku ya matanga. Nakala moja ikae kwa mtu mwingine. Karatasi ya asili usimpe msafiri anayeahidi kukufuatilia mambo, nakala inamtosha. Na mtu akifa, ombeni cheti cha kifo hapa hapa mapema, kabla familia haijatawanyika.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, vijana wanaojua kuandika vizuri watabaki kanisani na kalamu. Wajane na wazee watangulie. Baba aje na mama.