Waliokuwa Bado Wamesimama Saa Kumi na Moja
Tafakari ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Mei Mosi

Masomo ya kutafakari: YbS 38:24-34, Mt 20:1-16



Vijana wenzangu wapendwa, Mei Mosi ni siku ya fulana, mabango na maandamano. Kwetu Wakatoliki ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi pia, tuliyowekewa na Papa Pius XII mwaka 1955. Leo nataka niongee na wale ambao hawana bango la kubeba, kwa sababu hawana mwajiri wa kuandamana naye. Na wale ambao kazi wanayo, ila usiku wanajiuliza itadumu hadi lini.

Nianze na mimi mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na steshenari ndogo hapa Kyela mjini: kompyuta moja, printa moja, benchi moja la wateja. Kijana akitaka barua ya maombi ya kazi alikuja kwangu, anakaa, ananieleza kwa mdomo, mimi nachapa. Maneno nilijua kuyapanga. Wapo waliopata kazi kwa barua zangu, nami nilijivuna kidogo, Mungu anisamehe.

Halafu simu janja zikaingia, na ndani yake akili mnemba. Siku moja dada mmoja akaja na barua yake tayari kwenye simu. Akasema, "Kaka, nitolee kopi moja tu." Nikaisoma wakati inatoka kwenye printa. Aisee, ilikuwa nzuri kuliko zangu zote. Akaweka mia mbili mezani, akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri, na haikuwa kwa sababu ya hela. Kama kitu ninachokiweza kuliko wengine kinafanywa na simu kwa muda wa kupiga miayo, basi mimi ni wa nini?

Swali hilo si langu peke yangu. Nimelisikia kwa kijana wa Ipinda anayeishi kwa kibarua cha kuvuna mpunga. Nimelisikia kwa kaka wa Kasumulu aliyekuwa akiwajazia watu fomu za mpakani kwa mkono, na sasa kila kitu kipo kwenye mfumo. Hebu leo tuliweke mbele ya Mungu kwa njia tuliyofundishwa sisi VIWAWA: ona, amua, tenda.

ONA

Njia hii tumeirithi kwa Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, mtoto wa familia ya wafanyakazi. Yeye alikwenda seminari, rafiki zake wakaenda viwandani. Aliporudi likizo alikuta wamebadilika, wamechoka, na yeye wanamwona kama mtu wa upande mwingine. Jambo hilo lilimchoma moyo maisha yake yote. Mwaka 1925 utume wake wa vijana wafanyakazi ukapata kibali cha Papa Pius XI. Cardijn aliwafundisha vijana wasikimbilie kulaani viwanda wala kuvisifu. Kwanza waangalie: nani anafanya nini, analipwa na nani, na anakuwa mtu wa namna gani.

Basi tuangalie kwetu. Waulize bibi zetu. Kabla ya mashine za kukoboa, mchele wa Kyela ulitoka kwenye kinu. Binti aliamka jogoo hajawika, akashika mchi. Mashine ilipokuja, sijasikia bibi aliyekililia kinu. Mgongo ukapumzika, na binti akapata nafasi ya kuwahi shule. Huo ni wema, tumshukuru Mungu.

Lakini angalia tena. Kinu kilikuwa cha bibi. Mashine ni ya mwenye hela. Bibi aliyetwanga kwa kinu chake, leo anapanga foleni na debe lake na anamlipa mwenye mashine. Kazi imekuwa nyepesi, ila imehama mikono.

Nenda Matema Jumamosi, siku ya soko. Mama zetu Wakisi wa Ikombe wanaleta vyungu kwa mitumbwi, wakipita chini ya milima ya Livingstone. Chungu kimoja kinataka udongo uchimbwe, ufinyangwe, ukaushwe, uchomwe. Pembeni yake iko ndoo ya plastiki iliyotoka kiwandani, nyepesi, haipasuki. Nani hapa nyumbani kwake hana ndoo ya plastiki? Hata mimi ninayo. Simhukumu mtu, nasema tu tuone.

Huko Mbarali, kombaini inaingia shamba kubwa la mpunga na kumaliza kwa siku moja kazi ya mundu nyingi. Kwetu vishamba ni vidogo na tope ni zito, lakini mashine ndogo zinazidi kuonekana. Na ni kweli kwamba mashine huleta pia kazi mpya. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, nani alijua kwamba kutakuwa na wakala chini ya mwavuli kila kona? Hapo napo tuwe wakweli: aliyepoteza kazi na aliyepata kazi mara nyingi si mtu yuleyule. Kumwambia mama wa miaka hamsini aliyezoea mundu kwamba "teknolojia inaleta fursa" ni kumwambia habari za mtu mwingine.

AMUA

Sasa tusikilize Neno. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinawataja watu wa kazi za mikono mmojammoja: anayelima kwa ng'ombe, mchonga mihuri, mhunzi mbele ya tanuru, mfinyanzi kwenye udongo wake. Anasema wazi kwamba hawaitwi kwenye baraza la wakubwa. Lakini bila wao hakuna mji unaokalika, na wao ndio wanaoushikilia ulimwengu usiporomoke. Tena kazi yao yenyewe ni sala yao. Mama wa Ikombe, yumo kwenye Biblia! Babu wa Mwaya na plau yake, yumo. Maandiko hayawapimi kwa idadi ya vyungu.

Mtakatifu Yohane Paulo II aliyajua haya kwa mwili wake. Kijana akiwa Poland, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alivunja mawe machimboni na kufanya kazi kwenye kiwanda cha kemikali. Mwaka 1981, katika barua yake Laborem Exercens, alitufundisha kwamba kazi ina pande mbili: kile kinachotengenezwa, na yule anayekitengeneza. Heshima ya kazi inatoka kwanza kwa huyo wa pili, kwa sababu ni mtu. Kazi ipo kwa ajili ya mtu, na mtu hakuumbwa awe chombo cha kazi. Hapo ndipo nilipopata pumzi. Simu iliandika barua nzuri kunishinda, sawa. Lakini simu haikuwa bora zaidi kwa kuiandika. Haikujifunza subira, haikumwonea huruma yule dada, haikumwombea apate. Mtu akifanya kazi, anakua. Hilo mashine haliwezi kuninyang'anya, labda nilitupe mwenyewe.

Lakini vijana, tusiishie hapo, maana heshima hailiwi na ugali. Twende kwenye mfano wa shamba la mizabibu. Sisi tunaosema Kiswahili tuna neema moja: saa zetu ni saa za Injili. Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja tunaijua. Jua linainama juu ya mashamba, bodaboda wamechoka kijiweni, na kijana aliyetoka nyumbani asubuhi kutafuta kibarua anaanza kuwaza atamwambia nini mama yake.

Mwenye shamba anawauliza kwa nini wamesimama kutwa nzima. Wanajibu kwamba hawakupata wa kuwaajiri. Angalia anavyopokea jibu hilo. Hawaiti wavivu. Hawaambii "jiongezeni". Haombi vyeti. Anawaamini, kisha anawapa vitu viwili. Kwanza anawapa kazi: nanyi nendeni shambani. Angeweza kuwapa sadaka warudi nyumbani, lakini alijua mtu anahitaji pia kuhitajika. Pili anawapa dinari nzima, posho ya kutwa, kwa sababu mtoto wa aliyeajiriwa saa kumi na moja ana njaa ileile ya mtoto wa aliyeajiriwa alfajiri.

Na kitu kingine: kulipa alimwachia msimamizi, lakini kutafuta watu alitoka mwenyewe, mara tano. Huyo ndiye Mungu wetu. Kwa hiyo swali langu la usiku ule, "mimi ni wa nini?", lilikosewa kidogo. Sisi ni wa nani? Sisi ni wa yule anayetoka tena saa kumi na moja kuangalia nani amebaki.

Kanisa nalo linajaribu kutoka naye. Papa Leo XIII alitoa Rerum Novarum mwaka 1891, viwanda vikiwa vimewageuza wafanyakazi kuwa kama kuni. Na Mei 10, 2025, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa, Papa Leo XIV aliwaeleza makardinali kwamba alichukua jina hilo hasa kwa sababu ya Leo huyo, maana leo akili mnemba inaleta tena maswali yaleyale ya haki na ya heshima ya kazi.

TENDA

Nina mambo matatu tu.

La kwanza, jifunze mashine, ila usiiache ikusemee. Yule dada alirudi baada ya wiki mbili. Ameitwa kwenye usaili, na ana hofu. "Kaka, mambo yaliyoandikwa kwenye ile barua mimi mwenyewe siyajui." Tukakaa kwenye benchi lilelile tukaipitia mstari kwa mstari. Lisilo la kweli tukalifuta, la kweli akajifunza kulisema kwa mdomo wake. Tangu hapo hiyo ndiyo kazi yangu zaidi. Sitawadanganya, haijarudisha hela yote niliyopoteza. Mpunga ndio unaonilisha. Lakini najua kwa nini naamka.

La pili, tuulize mashine ni ya nani. Wazee wetu wa kakao wanauza pamoja kupitia AMCOS na stakabadhi ghalani, kwa sababu walijua mkulima mmojammoja hana sauti. Sisi vijana kumi wa kigango tunashindwa nini kuchanga polepole tukamiliki pawatila moja, au mashine ya kukamua mawese? Tuweke vitabu vya hesabu wazi, tusiibiane. Mashine ya mtu mmoja inaweza kuwaweka kumi kijiweni. Mashine ya kumi inaweza kuwalisha kumi.

La tatu ni kwa wewe uliyejaliwa. Ukinunua mashine ya kuvunia, wakumbuke kwa majina waliokuvunia kwa mundu. Wape kazi nyingine kwanza, kabla hujatafuta wageni. Na sisi wote kwenye jumuiya, tukimaliza Injili, tuulizane: wiki hii nani hajapata kazi? Tusisubiri aombe.

Tusali. Ee Mungu Baba, Mwanao alijulikana kijijini kwake kama seremala, mwana wa seremala. Wabariki wanaoshika mundu, kafi, udongo na simu. Uwaone waliosimama hadi jioni hii, na utupe sisi miguu ya kutoka pamoja nawe kuwatafuta. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.

Swali la jumuiya: Katika kigango chenu, ni nani yuko saa kumi na moja leo, na nani atakwenda kumwita?

Sikukuu njema!