Bibo na Korosho

Mtu akila tunda lililoanguka chini ya mti usio wake, je, ameiba? Na kama mwenye mti hayupo, je, mti hauna mwenyewe? Maswali haya yamenikaa moyoni karibu miaka hamsini.

Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, lakini huku kwetu Nyangamara hakuna tena anayeuona kuwa mgeni. Kivuli chake ni baraza letu, na matawi yake makavu ni kuni. Bibo huliwa lilivyo, hukamuliwa maji yake, huanikwa likakauka, na wengine hulitengenezea uraka. Korosho huning'inia nje, chini ya bibo. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi, kwa hiyo huchomwa kwanza ndipo ibanguliwe.

Utotoni tulifundishwa sheria ambayo haikuandikwa popote: mpita njia mwenye njaa na ale bibo, lakini korosho ainyofoe na kuiacha shinani. Bibo haliwekeki, lisipoliwa leo, kesho limeoza. Korosho ni jasho la mwenyewe. Ndiyo ada ya mtoto, ndiyo nguo ya sikukuu.

Katika Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, watu wengi wa kusini walihamishwa, wakaiacha mikorosho yao mahameni. Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana. Shule yetu ilikuwa na upungufu wa madaftari, nami niliiamini sana Elimu ya Kujitegemea. Msimu ulipofika niliwapeleka wanafunzi kwenye hame moja kuokota korosho za mfuko wa shule. Tulikuwa tumejaza vikapu vitatu alipotokea mzee mmoja na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mabibo mmekula?"

"Tumekula, mzee."

"Hiyo ni haki yenu. Na korosho je?"

Nilimjibu kwamba mwenyewe amekwisha kuhama. Hakubishana nami. Alimgeukia mmoja wa wanafunzi wangu, akamwuliza, "Mjukuu wangu, hukumwambia mwalimu kuwa miti hii ni yangu?"

Mtoto aliinama. "Babu, nilimwogopa."

Mzee aliondoka bila kudai hata korosho moja. Nami, kwa aibu yangu, nilizipeleka kuuzwa. Tulinunua madaftari.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, niliwasimulia wanachuo kisa hiki bila kutaja kuwa mwalimu yule ni mimi. Baadhi yao walinitetea: shule ni ya wote, na korosho zingeozea porini. Hoja hiyo si dhaifu. Lakini naona shida humpa mtu ruhusa ya kuomba, haimpi ruhusa ya kuamua kuwa mwenzake hayupo. Mzee yule aliondolewa penye mti wake, hakuutupa. Tena asubuhi ile nilimfundisha mtoto kumwibia babu yake, na kunyamaza. Hakuna daftari linalolipa somo hilo.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Wataalamu hutaja ugonjwa wa ubwiri unga, bei ndogo, na wakulima kuwekwa mbali na mashamba yao. Yote ni kweli. Mimi naongeza neno moja tu: nani atapalilia mti ambao wengine wamekwisha kusema hauna mwenyewe?

Siku hizi nina mikorosho yangu michache. Watoto wa shule hupita wakala mabibo, nami siwafukuzi. Jioni huenda shinani kutazama. Mara nyingi nakuta korosho zimeachwa pale, zingine bado zina alama za meno. Huziokota moja moja, nikimkumbuka mzee yule ambaye sikurudi kumwomba radhi.