Machungu Yetu Yana Bei Gani?



Swali la makala haya ni jepesi kuuliza na zito kujibu. Je, inafaa kumfundisha mwanafunzi autumie msiba wa nyumbani kwao ili apate nafasi ya chuo? Siulizi kuhusu uongo. Uongo hukumu yake inajulikana na hauhitaji makala. Nauliza kuhusu msiba wa kweli, uliotokea, ambao mwenyewe angependa ukae kimya, lakini ameambiwa ndio utakaomfungulia mlango.

Likizo ndefu iliyopita nilifanya kazi ya mwalimu msaidizi katika programu ya matayarisho ya chuo hapa Mombasa. Zilikuwa wiki nane. Wanafunzi wetu walikuwa wamemaliza kidato cha nne na wanatafuta nafasi na ufadhili, wengine ndani ya nchi, wengine nje. Asubuhi walifundishwa hesabu na Kiingereza na walimu wenyewe. Baada ya swala ya adhuhuri tulikaa nao sisi wasaidizi, vikundi vya watu sita au saba, tukarudia somo na kusahihisha mazoezi. Kazi iliyokula muda wetu zaidi ilikuwa insha ya kujieleza: kurasa mbili ambazo mwombaji anawaambia watu asiowajua yeye ni nani na kwa nini wamlipie masomo.

Tulipewa mwongozo wa insha hiyo, na ushauri wake wa kwanza ulikuwa kwamba msomaji amechoka, hivyo mwanafunzi aanze na jambo gumu kuliko yote lililompata. Ukisikiliza mabarazani utaukuta ushauri huohuo kwa maneno mengine: "Waambie ulivyoteseka, wazungu wanapenda hivyo." Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa.

Mwalimu msaidizi ni nani?

Kazi hii si ngeni kwetu. Katika madrasa za zamani, kama Nizamiyya ya Baghdad iliyofunguliwa mwaka 1067, na zile za Damascus na Misri, alikuwepo mtu aliyeitwa mu'id, yaani mwenye kurudia. Sheikh akishamaliza darsa na kuondoka, mu'id hubaki na wanafunzi akawarudishia lile lililowapita. Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake tunavisoma misikitini hadi leo, aliifanya kazi hiyo alipokuwa kijana Damascus, katika halaka ya sheikh wake Kamal Ishaq al-Maghribi. Na Tajuddin as-Subki, aliyefariki mwaka 1370, katika kitabu chake cha kueleza wajibu wa kila mwenye kazi, alimtaja mu'id pia. Kwa muhtasari anasema kwamba haitoshi mu'id kukaa akasikiliza darsa kama wenzake. Ni lazima awafahamishe wanafunzi na awafae kwa jambo, la sivyo hana tofauti nao.

Nalipenda jina hilo. Mwenye kurudia hana maneno yake mwenyewe ya kuongeza. Huchukua yaliyosemwa na mwalimu akayarudisha kwa mwanafunzi, na huchukua yaliyomo kichwani mwa mwanafunzi akamrudishia yakiwa yamenyooka. Kwa hiyo insha ya mwanafunzi ikiletwa mbele yangu, hiyo ni amana. Nikiijaza maneno yangu nimemvika mtu kanzu isiyo yake, na nikiielekeza anakotaka mnunuzi nimekuwa dalali.

Chovae, na watu waliozoea kuulizwa

Katika kikundi changu alikuwemo msichana mmoja ambaye mama yake alizaliwa Chovae. Kwa asiyejua, Chovae ni moja katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo, kati ya Koyama na Chula. Watu wake ni wavuvi na mabaharia, na lugha yao ni Kibajuni, Kiswahili ambacho t yetu mara nyingi huwa ch, hata tatu ikawa chachu. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu wa visiwani walinyang'anywa vyombo na nyavu, wengi wakakimbilia Kenya kwa njia ya bahari. Waliwekwa katika kambi za hapa Mombasa, ambazo zilifungwa kabla ya muongo ule kwisha. Baadhi walirudi visiwani, baadhi walivuka hadi Ulaya, na baadhi wamo mitaani mwetu.

Wabajuni wana uzoefu mchungu wa kusimulia habari zao ili waaminiwe. Waliofika Uingereza kuomba hifadhi walihojiwa majina ya visiwa, majirani, samaki na visima, na sauti zao zikapelekwa kwa wachambuzi wa lugha ili ijulikane kama kweli ni watu wa huko. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa za uhamiaji huko ilitoa uamuzi juu ya suala hili hasa: Mbajuni asiyekisema Kibajuni aaminiwe vipi? Fikiria mzee aliyekulia Chovae akifanyiwa mtihani wa lugha ya mama yake na mtu asiyewahi kukanyaga mchanga wa kisiwa kile. Kwa watu kama hawa, kuambiwa "tueleze msiba wako vizuri ili tukusaidie" ni mlango wanaoujua.

Mwanafunzi wangu aliandika kama mwongozo ulivyotaka. Alianza na usiku wa kuondoka kisiwani, jahazi limejaa, na mjomba wake mdogo aliyefia baharini kabla hawajafika. Aliandika mistari mitatu akaweka kalamu chini. Nilipomuuliza kama amekwama aliniambia: "Ustadh, hii si yangu. Ni ya mama. Na mama hajawahi kunihadithia, alinihadithia bibi mara moja tu, akaniambia nisimuulize mama."

Nilimwambia tusiendelee siku ile. Nilirudi nyumbani nikiwa na Suratu Yusuf kichwani.

Aliyekuwa na kisa kuliko sote

Kama kuna mtu aliyekuwa na insha ya machungu, ni Nabii Yusuf (a.s.). Alitupwa kisimani na ndugu zake, akauzwa kwa thamani duni, akasingiziwa, akafungwa miaka. Mfalme alipomwita, alikuwa na nafasi ya kumliza kila aliyekuwepo barazani. Tazama alivyofanya. Kwanza alikataa kutoka gerezani mpaka kesi yake ichunguzwe na wale wanawake waulizwe (aya ya 50). Alitaka haki na hakutaka huruma. Pili, alipoomba kazi ya kusimamia hazina za nchi, sifa alizozitaja zilikuwa mbili: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye ujuzi (aya ya 55). Kisima hakukitaja, wala gereza. Na baba yake Yaqub (a.s.), katika sura hiyohiyo, alisema kwamba huzuni yake anamshitakia Allah (aya ya 86).

Lakini tusikimbilie hukumu. Mtu anaweza kusema: basi anayesimulia dhuluma aliyotendewa amekosea? La. Katika Suratu Nisaa, aya ya 148, Allah (s.w.) anatuambia kwamba hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha akamtoa katika hukumu hiyo aliyedhulumiwa. Aliyedhulumiwa ana haki ya kupaza sauti. Waliosimama mbele ya mahakimu wa Uingereza wakataja waliouawa walikuwa wakitumia haki hiyo, na kuwanyamazisha kwa jina la subira ni kumsaidia dhalimu. Sasa kama kusema ni haki, kwa nini mwanafunzi wangu aliona vibaya?

Kwa rai yangu, alihisi tofauti ya mambo mawili yanayofanana kwa sura. Ushahidi husemwa ili haki ipatikane, na anayesikiliza analazimika nao. Bidhaa husemwa ili ipate bei, na anayesikiliza anailinganisha na ya jirani. Msiba ukiwekwa mezani pamoja na misiba ya waombaji wengine ili uonekane upi mzito zaidi, tayari ni bidhaa. Na soko lina tabia yake: muuzaji hujifunza kupanga mzigo. Tunaijua hadithi ya yule mfanyabiashara wa nafaka sokoni Madina, ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya lundo lake akakuta umajimaji chini, akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Nafaka ile ilikuwa nafaka ya kweli, na kosa lilikuwa katika mpangilio. Insha nayo inaweza kuwa ya kweli neno kwa neno ilhali mpangilio wake unadanganya: msiba wa mama umewekwa juu ya lundo, na mtoto anayeomba hajulikani yuko wapi.

Pingamizi la haki

Rafiki yangu tuliyefanya naye kazi alinipinga, na pingamizi lake lina uzito. Alisema: "Wewe unazungumza adabu, wenzake watapewa nafasi. Mtoto wa mwenye mali ana mwalimu wa kulipwa na safari za kusimulia. Huyu ana nini zaidi ya msiba? Ukimnyima hiyo umemnyima chuo."

Sitasema kwamba hakuna hasara. Inawezekana mwanafunzi akaikosa nafasi kwa sababu alisitiri la mama yake, na mimi nikiwa mshauri wake nabeba sehemu ya jambo hilo. Lakini neno "ana nini zaidi ya msiba" ndilo lililonishitua. Katika Suratul Baqara, aya ya 273, wanasifiwa mafukara ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Allah anasema hao wanatambulika kwa alama zao. Maana yake ni kwamba kazi ya kutambua iko juu ya anayetazama. Na mtu wa kwanza kumtazama mwanafunzi huyu nilikuwa mimi.

Basi siku ya pili nilimuuliza anafanya nini kila siku. Mama yake hukaanga samaki na kuuza jioni, na yeye tangu darasa la sita ndiye anayeshika daftari la madeni: nani amechukua vipande vingapi, nani amelipa nusu, nani asidaiwe kwa sababu mumewe yuko hospitali. Anajua miezi ambayo kusi inafunga bahari na bei inapanda. Bibi akienda ofisini au kwa daktari yeye ndiye anayekigeuza Kibajuni kuwa Kiswahili cha Mombasa, kisha Kiingereza. Msomaji, huyo ni mwenye kuhifadhi na mwenye ujuzi. Sifa mbili za Yusuf zilikuwa ndani ya daftari lenye harufu ya mafuta.

Aliandika hayo. Chovae ilikuwemo, kwa sentensi moja ya kweli: kwamba watu wake wametoka huko kwa sababu ya vita na ndiyo sababu bibi anahitaji mkalimani. Yule mtoto aliyefia baharini hakuwemo. Rafiki yangu alipoisoma alisema ni nzuri, lakini bado anaamini ya kwanza ingeshinda. Huenda.

Kwa watakaoifanya kazi hii

Wengi wetu tutaombwa likizo ijayo tusaidie wadogo zetu, msikitini au kwenye programu kama ile. Nashauri kila insha ya machungu iulizwe maswali matatu kabla ya kwenda. Je, ni kweli, kwa maneno na kwa mpangilio? Je, ni ya mwandishi, au ni siri ya mtu mwingine ambaye hajaombwa ruhusa? Na je, inasemwa kwa kutaka haki au kwa kutaka bei? Ikipita yote matatu, mwanafunzi aiandike kwa sauti ya juu, wala asione haya, maana aliyedhulumiwa amepewa ruhusa na Mola wake. Ikikwama kwenye la pili, hata kama imepita la kwanza, basi ifungwe, na mu'id akae chini na mwanafunzi wake atafute tena. Inachukua muda. Lakini ndiyo kazi tuliyoitiwa.

Wallahu a'alam.