Aliyeibiwa namba ya siri naye ana lawama?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza yuko hosteli, simu yake inaita. Anayepiga anajitambulisha kwa upole kuwa ndiye msimamizi wa kundi la WhatsApp la kozi yao. Anaomba asomewe tarakimu sita zilizoingia punde kwa ujumbe mfupi, ili amuingize kwenye kundi. Kijana anasoma. Dakika chache baadaye akaunti yake imehamia kwa mtu mwingine, na mama yake aliyeko Tanga anapata ujumbe kwa jina la mwanawe: "Mama nimekwama, nitumie elfu hamsini kwa namba hii, nitakueleza." Mama anatuma.

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: mwenye kosa hapa ni nani? Wengi watajibu upesi kuwa ni tapeli peke yake. Kijana naye kaibiwa, iweje alaumiwe?

Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Katika fiqhi, aliyewekewa amana halipi ikiwa imeibwa hali ya kuwa aliitunza ipasavyo. Lakini akiiacha barazani na kwenda zake, atalipa, japokuwa mwizi ni mwingine. Dhambi ya mwizi haifuti uzembe wa mlinzi.

Na simu ya mwanafunzi ni sanduku la amana. Mna picha za dada zake, siri za marafiki zake na namba za wazee wake. Anayesema "mimi sina cha kuibiwa" amesahau kuwa vingi vilivyomo humo si vyake.

Yapo na mengine tunayoyaona madogo. Vijana hupeana maneno ya siri kama alama ya urafiki, na anayekataa huambiwa hawaamini wenzake. Wengine huacha akaunti wazi kwenye kompyuta za maktaba. Wengine huambiwa na msajili laini wa mtaani, "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe inasajiliwa laini ya pili kwa kitambulisho chao. Ni wangapi kati yetu hapa Tanzania tumewahi kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyetu? Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakaloonekana ni la mwenye kidole.

Hata hivyo, tusizidishe lawama. Asiyejua hahukumiwi sawa na ajuaye, na matapeli huwanasa hata maprofesa. Ndiyo maana sehemu ya lawama hii inaturudia wazazi, walimu na viongozi wa jumuiya za wanafunzi. Tunampeleka kijana chuoni na godoro, ndoo na nasaha kuhusu marafiki wabaya, lakini hatumwambii neno moja: tarakimu zinazokuja kwenye simu yako hasomewi mtu yeyote, hata akijiita mwalimu wako.

Kosa kubwa zaidi kwa maoni yangu huja baada ya wizi, nalo ni kunyamaza. Kijana anaona haya, anaogopa kuchekwa, anasubiri hadi kesho. Usiku huo huo shangazi ametuma, kaka ametuma, na rafiki yake pia. Aliyedanganywa ana udhuru. Anayejua kuwa jina lake linatumika kuwaibia watu naye akaficha, udhuru wake uko wapi? Wajibu wake ni kuazima simu saa ile ile, awapigie nduguze mmoja mmoja, aisajili upya akaunti kwa laini yake, na kuiripoti namba ya tapeli kwa 15040.

Nasi tunaopigiwa tuache kumcheka. Kila tunapomcheka mmoja, tunawafundisha wengine kumi kuficha. Kutawakali kwa Mwenyezi Mungu hakujapata kumzuia Muislamu kufunga mlango wake usiku. Mlango wa simu nao ni mlango, na waliolala ndani ni wengi.